Anayepinga Apite Kwanza

“Msanii ni wa kuimba! Akitaka kutuendeshea nchi, avue hiyo miwani ya jua, aende akagombee kama wenzake!”

Msumari aligonga meza ya studio kwa kiganja, chai ikamwagika kutoka kikombeni. Asubuhi hiyo alikuwa moto kweli. Wasikilizaji ndio waliompa jina hilo, kwa sababu maneno yake yakishaingia hayatoki, na watu walikuwa radhi kuchelewa kazini ili wamsikie mpaka mwisho.

“Jana alikuwa anatuuzia mafuta ya kupaka. Leo anatulilia machozi eti dawa za hospitali ya serikali zinaibwa. Mimi chama sina, mnanijua. Lakini nyumba ina wazee wake na nchi ina taratibu zake. Hatuwezi kuongozwa na mtu kwa sababu tu anajua kukata viuno!”

Upande wa pili wa kioo alikaa mchumba wake, hedifoni masikioni, macho kwenye taa za simu. Kazini walimwita Dada wa Simu, maana hakuna aliyefika hewani bila kupita mkononi mwake. Alibonyeza kitufe cha kumsemesha Msumari sikioni.

“Mwenyewe yuko laini ya pili. Yule mwimbaji. Nimpitishe?”

Msumari akatikisa kichwa.

“Anasubiri tangu tulipoanza. Na sheria uliiweka wewe mwenyewe. Anayepinga apite kwanza.”

Akatikisa tena, safari hii na kidole juu, akionyesha laini ya kwanza. Dada wa Simu akashusha pumzi. Laini ya kwanza alikuwepo Mjane wa Bondeni, mpiga simu aliyezuka siku za karibuni na sasa hakosi.

“Asante kaka Msumari,” ilisema ile sauti laini, ya kinyonge. “Mimi ni mjane tu, niko huku Bondeni na wanangu. Hospitalini kwetu dawa zipo tele. Huyo dada akaimbe, atuache na serikali yetu.”

Kengele ya redio ya saa mbili ilikuwa imeshalia kitambo. Ndipo nyuma ya sauti ya mjane ndege akalia: kwi, kwi, kwi... akakwama kama amepaliwa, kisha akaitoa ya mwisho kwa shida.

Dada wa Simu aliganda.

Ile saa ya ukutani, yenye ndege wa kutangaza saa, aliijua. Aliinunua mwenyewe kwenye mitumba, akapunguziwa bei kwa sababu ndege wake alikuwa mbovu na mishale inachelewa. Ilining'inia ukutani sebuleni kwa Msumari, nyumba ambayo mwezi ujao angeingia kama mke.

Taarifa ya habari ilipoanza, alisukuma mlango wa studio.

“Nyumbani kwako kuna nani?”

“Awe nani tena? Funguo ziko mbili, wangu na wako.”

“Yule mjane anapiga kutoka wapi?”

“Si amesema Bondeni?”

“Nimesikia saa yetu.”

Msumari akacheka, lakini kicheko kilimkauka njiani.

“Saa za ndege zimejaa mjini, mpenzi. Harusi inakuchosha. Nenda kapumzike.”

“Zinazokwama vile vile?”

“Tunarudi hewani,” alisema, akavaa hedifoni wakati taarifa ya habari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mwanaume huyu akikosa jibu alikuwa hodari sana wa kutafuta kazi.

Jamani, msimwone dada huyu mjinga. Alimpenda Msumari kwa sababu. Alimwona akiwachapa wezi wa chama tawala na wa upinzani kwa fimbo moja. Alimwona akirudisha zawadi ya waziri ikiwa na utepe wake. Na mama yake mzazi alipozidiwa na presha, ni Msumari aliyempeleka ile hospitali ya serikali kwa gari lake. Walikuta rafu tupu. Muuguzi akawanong'oneza wakanunue duka la ng'ambo ya barabara, wakauziwa dawa zenye muhuri wa serikali. Msumari alirudi kwenye gari akalia kama mtoto. Siku ile Dada wa Simu alijiambia kwamba mume amempata.

Kipindi kilipoisha Msumari alisema ana kikao. Dada wa Simu akapanda pikipiki mpaka kwake, akafungua mlango kwa ufunguo wake.

Kwenye kochi alikaa msichana mzuri, miguu juu ya meza, anapaka rangi kucha.

“Karibu. Wewe ndiye dada wa kufua?”

Sauti ile ile, ila unyonge umeisha.

“Mimi ni dada wa simu. Pole kwa kufiwa. Mumeo alikufa lini?”

Msichana akacheka, kisha akauona uso wa mgeni, akashusha miguu.

“Ah, ule ni mchezo wa kipindi tu. Baba alisema unasaidia.”

“Baba yako nani?”

“Katibu wa chama. Jumamosi wanatangaza wagombea. Jina la mume wangu limo.”

“Mume wako.”

“Mtarajiwa. Baba hampi mtu jimbo kabla hajawa mtu wa nyumbani.”

Dada wa Simu alitafuta mahali pa kushika, akapata mgongo wa kiti. Kiti chenyewe walikichagua pamoja.

“Na mimi alikuambia ni nani?”

Msichana aliangalia kucha zake. Naye, masikini, alikuwa ameanza kuelewa.

“Alisema kuna mfanyakazi mwenzake anamng'ang'ania. Anamvumilia kwa sababu ana mama mgonjwa.”

Iliuma. Alinyoosha mkono aing'oe ile saa ukutani aondoke nayo, kisha akaona haina maana. Akaweka ufunguo mezani, pembeni ya chupa ya rangi ya kucha, akatoka.

Simu ikatetema mkononi, ujumbe wa Msumari.

“Usiseme neno mpaka tuonane. Nakupenda.”

Akaandika: “Unanipenda kama nani? Mfanyakazi mwenzako?”

Walionana nyuma ya jengo la redio, penye jenereta. Msumari alikuja amelegeza tai, macho mekundu.

“Nilitaka nikuambie baada ya uchaguzi.”

“Ungeniambia nini? Kwamba mkeo ananisalimia?”

“Nisikilize. Nimepiga kelele miaka yote, kimebadilika nini? Wezi ni wale wale, wanabadilisha fulana tu. Nikiwa ndani nitafanya kitu.”

“Na dawa? Rafu tupu uliziona kwa macho yako.”

“Nikizitaja dawa, jina langu linaondolewa. Anayeziuza ni mtu wao.”

“Kumbe unamtukana yule dada wa watu na unajua anasema kweli!”

“Yule?” Hasira ya hewani ikamrudia. “Yule anatafuta bei! Wasanii nawajua mimi. Wakimpa jukwaa kesho, dawa hazikumbuki tena. Utaniambia.”

“Na wewe wamekupa jimbo.”

Jenereta iliunguruma kati yao.

“Kesho ni kipindi changu cha mwisho,” alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. “Nakuomba unisitiri. Pitisha simu nzuri tu. Baada ya hapo nichukie utakavyo.”

Dada wa Simu akampa mgongo, akaondoka. Aibu yenyewe ilikuwa kwamba bado alimpenda, na angemwambia mara moja tu “turudi nyumbani,” pengine angerudi. Msumari hakumwambia. Nyumbani kwao Dada wa Simu alimdanganya mama yake kwamba kichwa kinauma, akalala na nguo zake.

Kesho yake Msumari alikuja na suti mpya. Aliwaaga wasikilizaji vizuri, akawashukuru, akasema kuna mahali anaitwa kuwatumikia. Mjane wa Bondeni hakupiga. Laini ya pili taa iliwaka tangu mwanzo.

Dada wa Simu akabonyeza.

“Hewani tunaye mwimbaji,” alisema sikioni kwa Msumari. “Anapinga.”

Msumari aligeuka kwenye kioo, akapitisha kidole shingoni: kata. Dada wa Simu akaondoa mkono kwenye mtambo, akaupakata.

“Kaka Msumari,” ilisema sauti ya yule mwimbaji, “umenitukana vya kutosha. Nina swali moja. Ile hospitali umewahi kufika, ukaona rafu zake?”

Mji mzima ulisubiri. Msumari akalamba midomo.

“Sijawahi kufika. Mimi nazungumza taratibu, sizungumzi uvumi. Hospitali hiyo siijui.”

Akapumua. Alidhani limepita. Taa ya laini ya kwanza ikawaka, Dada wa Simu akaitambua namba, akapokea.

“Mama, siyo sasa.”

“Nipitishe, mwanangu. Huyu mkwe wangu amesahau, nimkumbushe. Asije akaonekana mwongo mbele za watu.”

Mama hakuwa anajua lolote. Gauni lake la harusi lilikuwa tayari kwa fundi.

“Nani huyo?” Msumari aliuliza, amezima maikrofoni ya hewani.

“Mama.”

Msumari akaunganisha viganja. Kioo hakikuzuia chochote, uso wake wote ulionekana.

“Usimpitishe. Nakuomba. Kwa mapenzi yetu.”

“Hata hapingi,” alisema Dada wa Simu, machozi yakimdondokea mezani. “Anakutetea.”

Akabonyeza.

“Mkwe wangu, hujambo? Kazi nyingi zinasahaulisha, baba. Hospitali ulinipeleka wewe, kwa gari lako. Ulinishika mkono kwenye zile ngazi. Rafu zilikuwa tupu, tukaenda kununua ng'ambo ya barabara dawa zina muhuri wa serikali. Hukumbuki? Ulilia kwenye gari. Nikakuambia usilie, mwanangu amepata mume mwenye huruma. Waambie tu umesahau, watakuelewa.”

Redio ikawa kimya. Waliokuwa sokoni wakadhani betri imeisha. Msumari alivua hedifoni, akaziweka taratibu juu ya karatasi zake, akatoka bila kumwangalia mtu.

Jumamosi jina lake halikusomwa. Katibu alimwita binti yake nyumbani siku hiyo hiyo. Mama, alipoelezwa yote, hakulaumu mtu ila nafsi yake.

“Nimemwumbua mwanangu mwenyewe. Ningejua, nisingepiga.”

“Mimi nilijua, mama. Nami nikakupitisha.”

Mama akamwambia akamchukulie lile gauni kwa fundi, asije akadaiwa pesa ya kuliweka. Hawakulizungumza tena.

Kampeni zikapamba moto. Siku moja Dada wa Simu alikuwa anafuta meza yake ya kazi, televisheni ya ukumbini ikiwa imewashwa. Jukwaani alisimama katibu wa chama, na pembeni yake, kwa fulana mpya ya chama na miwani ya jua, alisimama yule mwimbaji. Aliimba wimbo wa ushindi. Aliwaambia watu wakipe chama cha katibu kura. Kuhusu dawa, hata neno moja.

Dada wa Simu alisimama na kitambaa mkononi. Msumari alikuwa ameona sawa. Kwa wezi aliona sawa, kwa vyama aliona sawa, kwa mwimbaji aliona sawa kabisa, na hilo lilimchoma kuliko yule msichana wa kochini. Alitamani angalau mmoja wao awe mwongo wa kawaida, amchukie vizuri.

Asubuhi iliyofuata kipindi kilikuwa na mtangazaji mpya, kijana mchangamfu anayecheka kwa kila jambo. Taa ya laini ya tatu ikawaka.

“Habari za asubuhi. Unapiga kutoka wapi?”

Dada wa Simu alishika kalamu aandike mtaa.

“Nyumbani.”

Moyo ulimpiga kama siku za kwanza, na akauchukia kwa hilo.

“Una hoja gani, mpiga simu?”

“Umemwona mwimbaji wako? Si nilikuambia?”

“Uliniambia.”

“Basi...” Msumari alikohoa. Sauti ilikuwa imekonda. “Nimekukosa.”

“Wengine wanasubiri. Una hoja gani?”

Kabla hajajibu, ndege akalia nyuma yake: kwi, kwi, kwi... akakwama. Wote wawili wakanyamaza, kila mmoja upande wake wa simu, mpaka ile ya mwisho ilipotoka.

“Bado inachelewa,” Msumari alisema. “Sijaipeleka kwa fundi.”

“Unaunga mkono au unapinga?”

“Napinga.”

“Unapinga nini?”

“Kuna siku nilisema hewani kwamba hospitali ile sijawahi kufika. Napinga hilo. Nataka nitaje rafu, duka, na mwenye duka. Jina lake ninalo.”

Mezani kwake walisubiri watu wengi, wa kuunga mkono na wa kusalimia ndugu zao. Dada wa Simu aliwaangalia kwa taa zao, zote zinawaka. Angeweza kumwacha alie na saa yake mpaka muziki wa mwisho.

“Zamu yako ni ya kwanza,” alimwambia. “Punguza redio yako, usisikike mara mbili.”

“Asante. Wewe... utanisikiliza?”

Akampitisha hewani. Kisha akavua hedifoni, akaziweka mezani, akatoka kwenda ukumbini kumpigia mama yake simu, kumuuliza kama leo amepata dawa.