Kasiani Achagua Kadi ya Picha

Kila asubuhi Ethel alifungua duka lake la kuchapa barua na kutoa fotokopi, karibu na stendi ya Masasi. Mume wake, Kasiani, alikaa mlangoni na magongo yake. Alisikiliza malori.

"Hilo limejaa," alisema. "Dereva amechelewa kupunguza gia."

Ethel hakujua gia. Aliitikia tu, kama wake wengi wanavyoitikia.

Kasiani alikuwa dereva kwa miaka kumi na tisa. Alishusha korosho kutoka Newala hadi Masasi. Kwanza alibeba za chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, alibeba za kwao. Siku moja breki zilikataa kwenye mteremko, lori likapinduka. Mguu wa kulia ulikatwa. Ilikuwa miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo Kasiani aliitamani barabara kama mgonjwa anavyotamani maji.

Sasa ulikuwa mwaka 2005, na bidhaa za kila namna zilifika Masasi. Binti yao, Yasinta, alimletea baba yake sidii ya gemu ya malori. Jioni kazi zilipokwisha, Kasiani alikaa mbele ya kompyuta ya duka. Aliendesha kwa vidole tu, bila kuhitaji mguu. Lakini picha zilikatikakatika. Kila akifika kwenye mteremko wa mlimani, lori liliruka, likatumbukia korongoni.

Usiku mmoja aliizima kompyuta kwa hasira. "Hata humu naanguka," alisema. Ethel alimwonea huruma sana.

Kesho yake walikwenda kwa Hamidu, fundi wa kompyuta wa pale sokoni.

"Shikamoo, Baba Yasinta. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," walijibu. Kasiani alimweleza shida yake.

"Ndani ya kompyuta kuna kifaa cha kuchora picha," alisema Hamidu. "Gemu huchorwa picha moja moja, upesi upesi. Picha zikiwa nyingi kwa sekunde, jicho linaona lori linatembea. Zikiwa chache, linaona lori linaruka. Kompyuta yenu ni ya kuchapia barua. Kichoraji chake ni dhaifu. Mnahitaji kadi ya picha."

Alitoa kadi mbili zilizotumika, kutoka Dar es Salaam. Bei ilikuwa moja. Fedha waliyopata kwa korosho za shamba lao ilitosha kadi moja tu, na mali ya mtumba hairudishwi.

Ethel alizaliwa Lulindi, kwa wakulima. Alishika kadi moja mkono huu, nyingine mkono ule, akazipima kama mtu anayepima korosho. "Tuchukue hii," alisema. "Ni nzito. Ina kiini."

"Na imeandikwa 256," aliongeza Kasiani. "Ile ni 128 tu."

Hamidu alicheka kidogo. "Mama, mtu akikuletea gunia la korosho, utalipokea kwa uzito tu?"

"Sipokei. Labda zimelowekwa maji. Nachukua chache, nazipasua kwa kisu, nahesabu viini vizuri na vibovu."

"Basi kadi nayo tuipasue kwa kazi. Uzito huo ni wa feni na bati. Namba 256 ni ukubwa wa ghala la kuwekea picha. Kama mlango wa ghala ni mwembamba, mizigo itatoka polepole. Namba hiyo haituambii upana wa mlango."

"Tutajuaje sasa?" aliuliza Kasiani.

"Kompyuta moja, gemu moja, ukubwa mmoja wa picha, barabara ileile. Tunabadilisha kadi tu. Nina programu inayohesabu picha kwa sekunde."

Walirudi wote dukani. Hamidu alihakikisha kwanza kwamba kadi zote zinaingia kwenye tundu la kompyuta, na umeme wa ndani unazitosha. Kisha Kasiani aliendesha kwenye barabara iliyonyooka. Kadi nzito ilitoa picha arobaini na moja kwa sekunde. Nyepesi ilitoa arobaini na nne.

"Zinakaribiana," alisema Ethel. "Nzito ina afya zaidi."

Kasiani alitikisa kichwa. "Lori halipimwi tambarare, Mama Yasinta. Twende mlimani."

Hamidu alimtazama kwa heshima. "Hapo umenizidi, baba. Tuangalie namba ya chini kabisa, mahali pagumu kabisa. Na turudie mara tatu, isiwe bahati."

Kwenye mteremko kulikuwa na miti, vumbi na malori mengine. Kadi nzito ilishuka hadi picha kumi na moja. Lori liliruka, likatumbukia. Mara ya pili likatumbukia. Mara ya tatu likatumbukia tena, na Ethel alitaka kumwambia basi, yatosha.

Hamidu alifunga kadi nyepesi. Namba ilishuka, ikagota ishirini na tisa. Barabara ilitiririka. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kasiani alirudia mara tatu, na mara zote namba haikushuka zaidi ya hapo.

Wakanunua nyepesi. Hamidu alichukua ile nzito, akaaga.

Jioni ile Kasiani aliwasha tena kompyuta, peke yake na mke wake. Alijaza lori mzigo wote linaoweza kubeba. Alishuka polepole, akipunguza gia mapema. Ethel alisimama nyuma yake. Lori lilifika bondeni, likasimama mbele ya ghala. Kasiani aliondoa vidole kwenye kibodi. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Nimefika," alisema.

Kuna maneno ambayo Ethel aliyaandaa siku ile ya ajali, chakula kikiwa mezani, na hakupata mtu wa kumwambia, maana Kasiani hakurudi.

"Pole na safari, Baba Yasinta."

"Nimeshapoa, mama," alijibu Kasiani.