Simu Haina Moshi

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilichelewa, abiria wa Kigoma na wa Mwanza wakagombania mabehewa, na stesheni ya Tabora ilijaa watu siku hiyo hata kuku aliyeponyoka tengani akatembea juu ya vichwa vya wasafiri mpaka daraja la kwanza bila kugusa ardhi. Katikati ya msukumano huo alisimama Tufaha, binti wa Mzee Ghalibu, mwuza udi na ubani wa barabara ya soko. Alikuja kupokea kasha la mzigo wa baba yake. Buibui lake lilikuwa limefukizwa udi tangu alfajiri, na chini yake ilichungulia kanga ya rangi ya zambarau iliyofukizwa zaidi ya hilo buibui.

"Kaka, hebu nishikie upande huo," alimwambia kijana aliyesimama karibu.

Kijana huyo alikuwa Abasi, mtoto wa fundi cherehani marehemu, sasa opereta wa simu pale Posta. Alivaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, ikimfagilia njia kila apitapo, na nywele zake alizichana zikasimama kama zimeitwa mkutanoni.

"Upande mmoja tu?" alisema Abasi. "Mimi nabeba kasha, nabeba na mwenye kasha."

"Beba kasha kwanza tukuone."

Akalibeba. Wakaenda wakitaniana mpaka nje, upepo ukiwapuliza usoni. Walipofika penye kivuli upepo ukakatika, Tufaha akasogea kumshukuru, na hapo Abasi akabadilika rangi. Akashika kifua, akalitua kasha, akaondoka mbio bila kuaga. Tufaha akabaki ameshika ncha ya buibui, hajui acheke au aone haya.

Kesho yake simu ya dukani ikalia.

"Halo, duka la Mzee Ghalibu."

"Hapa Posta. Tunapima laini."

"Jana mmeipima."

"Jana tulipima laini. Leo tunapima sauti."

"Ina kasoro?"

"Haina. Ndiyo maana nataka kuipima tena kesho."

Tufaha akaitambua sauti hiyo. "Wewe ndiye yule wa stesheni uliyenikimbia."

"Nilikuwa nawahi kazini."

"Posta iko upande ule mwingine, baba."

Basi wakaanza. Kila asubuhi, Mzee Ghalibu akitoka kwenda kunywa kahawa na wenzake, laini ya duka hilo ilipimwa kuliko laini zote za Tanzania. Katika waya Abasi alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alimwita Tufaha wangu, alimwita tunda la msimu wote, alimwimbia nyimbo za taarabu mpaka mwisho bila kutua, na mikoa mizima ikasubiri kuunganishwa. Lakini wakikutana ana kwa ana, kiwanjani kwenye mpira au kwenye kona ya soko, alidumu kitambo kidogo tu. Alianza kukohoa, jasho likamtoka, akaondoka.

Tufaha hakuwa msichana wa kukaa akalia. Aliona amepungua mvuto, akaongeza manukato. Alijipaka mafuta ya waridi, akatandaza nguo zote juu ya chetezo, kile chombo cha udongo cha kuchomea udi, mpaka nyumba haionekani kwa moshi. Alipopita barabarani hata punda waligeuka. Abasi ndiye aliyezidi kukimbia.

"Ana mwingine," alisema shoga yake Semeni. "Mwanamume anayekusifia simuni na kukukimbia njiani, huyo ana mtu."

Asubuhi iliyofuata Tufaha aliishika simu kwa mikono miwili.

"Abasi, niambie kweli. Nanuka?"

"Unanukia mpaka nakosa pumzi."

"Usinitanie. Ukiwa mbali unanipenda, nikija karibu unanikimbia. Nina nini?"

Abasi alikuwa na pumu tangu utotoni, na katika mji ule mtu wa pumu alihesabiwa mume nusu. Watu husema huwarithisha watoto na hafiki uzeeni. Hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini ugonjwa wake unamzidia mbele ya Tufaha. Alidhani ni mapenzi yanayomgonga kifuani.

"Nipe muda," alisema. "Nikirudi nitakuja kwenu, nimwone mzee."

"Ukirudi kutoka wapi?"

Lakini Dodoma ilikuwa inaita, laini ikakatika.

Alikwenda Goweko. Huko kulikuwa na mtu aitwaye Modest, zamani dresa wa hospitali, sasa mkazi wa kijiji cha ujamaa na tabibu kwa hiari yake. Jina lake lilikuwa limefika Usoke na Usinge. "Hospitali wanakuuliza unaumwa nini," alikuwa akisema. "Mimi nakuuliza unaishije. Ugonjwa sugu una chanzo, na chanzo kikitoka, ugonjwa hauna pa kukaa." Akamwuliza Abasi alizaliwaje, analala kichwa upande gani, anakula nini, choo chake kikoje, na nani aliwahi kumkasirisha tangu shule ya msingi. Kisha akamkataza maziwa, mayai, karanga, dagaa na chai. Kila asubuhi akampeleka shamba la kijiji kulima na wenzake.

"Na vidonge vyangu vya pumu?" aliuliza Abasi.

"Acha. Vidonge vinakificha chanzo. Mimi nataka nikione uso kwa uso."

Abasi aliishi huko kiasi cha mwezi, na ajabu ni kwamba alipona. Alilala usiku kucha, alipanda vilima akiimba, akanenepa kwa uji na matembele. Modest akatangaza kijiji kizima kuwa chanzo kilikuwa maziwa. Abasi akarudi mjini akiwa muumini wa Modest kuliko Modest mwenyewe, na mjini kote hakuna aliyekunywa maziwa mbele yake kwa amani.

"Sasa niko tayari," alimpigia Tufaha. "Ijumaa nakuja na mama."

"Ukikimbia safari hii, usiipime tena laini yetu."

Ijumaa baada ya swala Abasi na mama yake, Bi Mwanamkuu, walifika kwa Mzee Ghalibu. Abasi alivaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, karibuni." Tufaha alisimama nyuma ya pazia, kanga mpya, wanja machoni. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka ilipofika heshima ya nyumba. Katika nyumba ile mgeni wa posa hufukizwa udi kabla hajajibiwa lolote, na anayekataa anawadharau wenyewe. Chetezo kikaletwa, na Mzee Ghalibu alikuwa amekitilia udi wa thamani, ule asiouza. Abasi akaikunjua kanzu juu ya moshi kama inavyotakiwa, akatabasamu, akavuta pumzi. Haikurudi.

Akaanguka kwenye mkeka, kifua kinapiga mluzi, midomo inageuka rangi. Na Mzee Ghalibu, kwa huruma yake yote, akafanya kile walichofanya babu zake kwa mtu aliyebanwa kifua. "Blanketi," alisema. "Mfunikeni, mfukizeni vizuri, moshi utamfungua." Akamfunika gubigubi, chetezo ndani.

Tufaha alisikia mluzi ule nyuma ya pazia, na katika kichwa chake maneno yalijipanga mstari yenyewe: simuni hakuwahi kukohoa hata mara moja. Kiwanjani, ndiyo. Sokoni, ndiyo. Siku alizojipaka zaidi, alikohoa zaidi. Akatoka mbele ya wageni bila ushungi, akalirusha blanketi, akapiga chetezo teke mpaka uani.

"Binti, una wazimu?" alisema baba yake.

"Mnamwua, baba. Ni huo moshi. Ni mimi."

Wakamburuta uani kwenye hewa. Bi Mwanamkuu akafungua pindo la kanga yake, akatoa vidonge ambavyo mwanawe alikatazwa na yeye hakukubali kuvitupa. Abasi akavimeza kwa maji, wakasubiri, wakaomba, na pumzi ikarudi kidogo kidogo.

Hospitali daktari alimweleza waziwazi: moshi aepuke, vidonge asiache, na pumu hii atakaa nayo. Modest alifika kwa treni, amebeba kuku wa kumwombea radhi mama mtu.

"Nilimwuliza kila kitu," alisema, amekaa ukingoni mwa kitanda. "Sikumwuliza kama ana mchumba."

"Ulisema ni maziwa," alisema Bi Mwanamkuu.

"Goweko hakuna udi, mama. Nikayapa maziwa dhambi isiyo yao. Chanzo kinatafutwa, hilo sirudi nyuma. Ila kumnyang'anya vidonge kabla sijakipata, hapo nimekosa."

"Ungekosa mara moja tu, nami ningezika," alisema mama yake Abasi, akampokea kuku.

Aliyebaki kulainishwa alikuwa Tufaha, na huyo hakuja hospitali. Abasi alipotoka alipiga simu siku baada ya siku. Tufaha anainua, anasikiliza, anarudisha. Mwishowe akasema.

"Ungenifia mkekani, nami sijui hata una pumu. Nilijiona kinyaa mwezi mzima, Abasi."

"Niliogopa utanikataa."

"Ungeniachia nikukatae mwenyewe." Akakata.

Lakini nyumbani kwao vita vilikuwa vya namna nyingine. Tufaha alitoa nguo zake zote sandukuni, akazifua kwa sabuni ya mche, akazifua tena, akazianika juani mpaka majirani wakafikiri kuna msiba. Mzee Ghalibu alizunguka uani hatulii.

"Binti wa mwuza udi atoke hana harufu? Wateja wataniambiaje?"

"Waambie mkwe wako anapumua."

Mzee akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba udi ni biashara yake na si dini yake.

Jumatatu asubuhi, Posta imejaa watu wa stempu na wa simu za mbali, Tufaha aliingia mpaka kwenye chumba cha mitambo, buibui limepauka kwa kufuliwa. Abasi akainuka, waya shingoni. Mazungumzo yote ya magharibi mwa nchi yakakatika.

"Usiseme kitu," alisema Tufaha, akasogea, akasogea tena, mpaka nyusi zao zikakaribia kugusana. "Nataka tuoane. Vidonge vitakaa kwangu, na Modest atakuja kutuuliza maswali yake akipenda. Kama hunitaki, kohoa."

Madirisha yalikuwa wazi, na barabarani lori la tumbaku lilikuwa limepita sasa hivi na vumbi lake. Abasi alilihisi vumbi kooni. Akafumba mdomo. Macho yakajaa machozi, mishipa ya shingo ikasimama, wenzake wakaacha kuunganisha watu wakamtazama. Hakukohoa.

Tufaha akamwangalia mpaka akashindwa kujizuia, akacheka, akamgonga mgongoni kwa kiganja.

"Kohoa tu, mume wangu," alisema. "Nimekwisha sikia."