Nilimnyang'anya Afande Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikufa kwa sababu nilimtoa mikononi mwa polisi. Nasema hivyo hivyo, msinipambie maneno kwenye komenti.

Saa nne asubuhi nilimkuta chooni, hapa gereji kwangu. Midomo ya bluu, sindano pembeni. Alikuwa amezidisha unga.

Wahudumu wa gari la wagonjwa wakampulizia dawa puani. Dakika mbili... akafumbua macho.

Nikajua hatari imepita.

Afande mwanamke aliyekuja nao akamshika mkono.

"Huyu naondoka naye."

"Kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa. Sheria inaniruhusu kumshikilia mpaka daktari amwangalie. Hospitali, siyo rumande."

Mdogo wangu akainamisha macho. Mimi nikamsemea.

"Afande, gari lako nani analitengeneza?"

"Wewe, fundi."

"Nimewahi kukuzungusha?"

"Hapana."

"Basi niachie damu yangu. Si unaona amezinduka?"

Akamtazama. Akanitazama. Akamwachia.

"Asikae peke yake," akasema.

Jamani, nilijiona mwanaume...

Mdogo wangu akanywa chai, akaanza utani wake.

"Kaka, afande mzima umemlegeza kama nati."

Tukacheka. Nikamlaza kiti cha nyuma cha gari la mteja, nikarudi kwenye injini yangu. Nikamsikia anakoroma. Nikasema, mwache apumzike.

Baadaye kukawa kimya.

Nilipofungua mlango, alikuwa ameanza kupoa.

Nikamkimbiza hospitali, na daktari hakunificha. "Dawa ya kumzindua iliisha nguvu, unga ukabaki mwilini. Kule kukoroma, alikuwa anakosa pumzi. Angekuwa hapa kitandani, tungempa nyingine."

Siku ya mazishi afande alikuja bila sare. Nikajua amekuja kunilaumu.

"Fundi, kuna kitu sikukwambia. Wakati wewe unabishana, mdogo wako alininong'oneza. 'Nipeleke, afande. Nimechoka.'"



"Sasa mbona ulimwachia?"

"Nilikusikiliza wewe."

Akalia pale pale, mbele ya ndugu zangu wote.

Wewe unayesoma, kama una ndugu anayetumia, siku afande akimshika ampeleke hospitali, usimsemee. Muulize mwenyewe. Halafu panda naye garini, injini za watu zitangoja.

Wangu alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipokuwa nabishana na afande, na sikumuuliza.