Wingu Jeusi na Kisanduku cha Matema

Kisanduku cha mtandao cha Matema kiliungua siku ya Jumanne, saa kumi alasiri, na mtu pekee aliyejua sababu ni Tusekile, msichana wa darasa la sita. Alikaa na siri hiyo siku nne.

Kisanduku kilikaa sebuleni kwao, juu ya kabati la vyombo, lakini kilikuwa mali ya Mzee Salim wa Kyela mjini. Historia ya kampuni ya mzee huyo mtu aliweza kuisoma kwenye kibao cha duka lake, kilichopakwa rangi upya mara mbili. Mwanzo kiliandikwa "Redio na Betri". Biashara ya nchi ilipofunguliwa na bidhaa za nje zikaanza kuingia, kikawa "Simu na Faksi". Mwaka 1999 kikawa "Vifaa vya Mtandao wa Kompyuta". Watu walicheka, wakamuuliza kompyuta zake zitamvulia dagaa wa usipa kiasi gani. Yeye alianza kwa kuunganisha kompyuta mbili za mnunuzi wa kakao kwa waya uliopita dirishani. Halafu akasimamisha mlingoti Ipinda, na mwaka 2002 akafika Matema, ambako nyumba ya wageni ya ufukweni ilitaka kupokea barua pepe.

Mlingoti wa Matema ulisimamishwa nyuma ya nyumba ya mama Tusekile, kwa kuwa ilikuwa mahali pa juu. Mama yake, Naomi, alishinda sokoni akiuza samaki, hivyo kazi ya kulinda kisanduku baada ya shule ikawa ya Tusekile. Wingu likionekana, achomoe waya wa antena, kisha aandike saa kwenye daftari. Ni hayo tu. Fundi wa kampuni, Lusungu, ndiye aliyemfundisha.

"Radi ya huku haipigi hodi, injinia," Lusungu alimwambia. "Chomoa kwanza, ndipo utazame kama ni mvua au siyo mvua."

Jumanne hiyo rafiki yake Marta alikuja mbio na sufuria mbili. Ziwani palisimama wingu jeusi, jembamba, likiyumba kama moshi. Kila mtoto wa Matema alilijua wingu la namna hiyo: kungu, wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka maelfu kwa maelfu, ambao watu huwanasa kwa sufuria zilizoloweshwa, wakawakanda na kuwapika mboga. Tusekile alitazama waya, akatazama ziwa. Marta akamwambia abaki basi kukilinda kisanduku cha Mzee Salim, yeye atakula kwa niaba yake.

Tusekile akachukua sufuria, akateremka.

Walipofika mchangani, lile wingu lilikuwa limepanuka, na upepo uliotangulia ulikuwa wa baridi. Hapakuwa na mdudu hata mmoja. Matone yakaanza kuanguka. Kisha radi ikapiga huko juu, karibu na mlingoti, mpaka Marta akaangusha sufuria.

Tusekile alikuta sebule inanuka plastiki iliyoungua. Taa nne za kijani za kisanduku zilikuwa zimezimika. Akauchomoa waya, akafungua daftari na kuandika: "Saa tisa na nusu. Nimechomoa."

Hakufikiri kwamba mstari huo ungemwangukia mtu mwingine. Lakini Jumatano habari zilifika kwamba Mzee Salim, aliyeambiwa saa iliyoandikwa daftarini, anamlaumu Lusungu. Kama antena ilichomolewa mapema, basi radi ilipita njia nyingine, na njia nyingine ilikuwa waya wa sola uliokipa kisanduku umeme, ambao Lusungu ndiye aliyeufungia waya wa kupeleka radi ardhini. Ilisemekana angefukuzwa. Alikuwa na mke na watoto wawili Ipinda. Usiku Tusekile alijigeuza kitandani, na mchana hakuweza kula.

Jumamosi Mzee Salim na Lusungu walifika kwa pikapu. Mzee alisoma daftari akiwa amesimama. Lusungu alieleza kwamba waya wa ardhini aliufunga mwenyewe na kuukagua mara mbili. Mzee akamwuliza kwa sauti ya chini kama anamwita mtoto mwongo. Lusungu akatoa mfukoni koleo la kubania nyaya, kisha bisibisi, kisha funguo za duka, akavipanga mezani kimoja kimoja. Naomi alitazama chini.

Tusekile alizitazama funguo.

"Mzee, daftari ndilo linalodanganya," alisema. "Nilidhani ni kungu. Nilichomoa baada ya radi, nikaandika saa ya uongo."

Mama yake akafunika mdomo kwa khanga. Mzee Salim akavuta kiti, akaketi.

"Njoo hapa, binti," alisema. "Kudhani mvua ni kungu, hata mimi ningeweza. Kisanduku kingine nitanunua. Lakini mstari wako mmoja ulitaka kuniondolea fundi wa miaka sita, na mimi nisingejua kamwe kwamba nimemwonea. Ukikosea, andika kosa lako. Daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari."

Kisha akamgeukia Lusungu, akamsukumia funguo, akamwomba radhi mbele ya wote.

"Ndaga, mzee, asante," Lusungu alijibu. Akamtazama Tusekile. "Injinia, jembe mnalo? Waya mpya wa antena utazikwa ardhini, na mimi sichimbi peke yangu."

Kosa lile liligharimu kisanduku kimoja, waya wa antena mita thelathini, siku kumi na tisa Matema bila mtandao, siku nne za Lusungu za kuitwa fundi mbovu, na Jumamosi tatu za Tusekile za kuchimba mfereji. Kungu waliopatikana siku ile: hakuna hata mmoja.