Safari Kumi za Siwema

Uvumi ulianzia saluni, kwamba kadi mpya ya safari hunusa upweke wa mtu. Siwema aliucheka, lakini haukumtoka kichwani.

Kadi yenyewe haikuwa ya kushika. Ilipachikwa chini ya ngozi ya kiganja, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiinua mkono, mlango wa treni-utupu, ile ipitayo kwenye bomba lisilo na hewa, unafunguka, na Morogoro hadi Kigoma ni dakika arobaini. Ada ya mwaka ilikuwa sawa na mauzo yake ya vitumbua ya miezi saba. Lakini ukisafiri mara kumi, ya kumi na moja ni ya Mwezini, bure.

Na Mwezini ndiko alikokuwa binti yake Tunu, fundi wa mitambo ya hewa, mjamzito wa miezi mitano. Siwema alitaka kitu kimoja tu: kumkanda mwanawe kwa maji ya moto siku arobaini, kama yeye alivyokandwa na mama yake.

"Mama, kata tiketi ya chombo cha mizigo," Tunu alimwambia kwenye kioo cha simu. "Kinachelewa, lakini kinafika."

"Nikae na magunia, mtu mzima mimi? Kadi hii ina sebule yake kituoni, na chai bure."

"Chai hata kwako ipo, mama."

Basi Siwema akaanza kuzitafuta safari. Alikwenda Kigoma kwenye harusi ya mtoto wa jirani wa zamani. Alikwenda Songea kwenye matanga ya mtu asiyemjua, akakaa jamvini na waombolezaji.

"Wewe wa upande gani wa marehemu?" mmoja akamnong'oneza.

"Wa mbali," akajibu.

Kila aliporudi kwenye nyumba yake iliyo kimya, kiganja kilitetemeka. "Mheshimiwa Siwema, leo hujaongea na mtu. Twende wapi?"

Akaenda.

Safari ya tisa ilikuwa Bukoba. Alikuwa peke yake sebuleni, viti sitini vitupu, roboti ikimmiminia chai ya tatu, habari ilipomfikia: Tunu amejifungua kabla ya siku zake. Kesho yake alimaliza ya kumi. Ndipo alipoambiwa chombo cha bure kina foleni ya wiki saba.

Alifika siku ya hamsini na mbili tangu Tunu ajifungue. Mtoto alikuwa akilia. Siwema akampokea, akambembeleza, wapi. Tunu akaita mkandaji, mashine ya mikono miwili ya mpira yenye joto. Ikavuma karibu na mtoto, naye akanyamaza.

"Ameizoea, mama. Ndiyo iliyotukanda."

"Kile chombo cha mizigo kilifika lini?"

Tunu akainama kumfunika mtoto. "Wiki moja kabla sijajifungua."

Aliporudi, Siwema alibandika karatasi kwenye mlango wa saluni:

Usichukue kadi kwa ajili ya sebule na chai.
Usisafiri ili ada irudi.
Usiende kuhani msiba wa watu usiowajua.
Kiganja kikikuuliza twende wapi, usikijibu. Piga hodi kwa jirani.
Mwanao akisema panda na magunia, usibishe. Panda.