Ndengu za Cucu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ruguru alifungua kitambaa chenye ndengu zilizolowekwa, akazisuuza, akazifunga tena. Siku ya pili zilikuwa zimetoa mizizi myeupe. Alimpikia Cucu, nyanyake aliyemlea pale Kiambere.

"Zimeota ndevu kuliko babu yako," Cucu alimtania.

Cucu alikuwa na presha, na hakujua kusoma. Nesi Mukiri wa zahanati alipomletea karatasi ya mafunzo, Ruguru ndiye aliyemsomea, huku wenzake wakimngoja nje na kamba ya kuruka.

"Ndengu zikichipua, protini yake hukatika vipande vidogo vidogo. Watafiti wanaona baadhi ya vipande hivyo huenda vikasaidia kushusha presha."

"Imeishia hapo?"

"Imeishia hapo, Cucu." Mguu mmoja ulikuwa tayari nje. Mistari miwili ya karatasi ilikuwa imebaki.

"Basi Mungu amenipandia dawa shambani," Cucu akasema.

Tangu siku hiyo aliacha tembe zake. Ruguru aliona pakiti haipungui. Usiku alisoma ile mistari miwili: mgonjwa asiache dawa. Akaona aibu kumwambia Cucu, akaikunja karatasi akalala.

Jumapili moja, akijifunga leso aende kanisani, Cucu alianguka. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea. Jirani yao Njeru akamkimbiza zahanati.

"Alikuwa anameza dawa?" Nesi Mukiri aliuliza, akiwa ameshaita ambulensi.

Ruguru alitazama sakafu. "Aliacha. Karatasi ilikataza, lakini sikuisoma yote. Nikamdanganya imeisha."

Nesi hakumgombeza. Ruguru alitamani angegombezwa.

Baada ya wiki tatu hospitalini, presha ilitulia na Cucu akarudi nyumbani. Nguvu za mkono hazikurudi. Alipojaribu kumwita Ruguru, midomo ilitetemeka, jina likakataa kutoka. Cucu akalia. Ruguru naye akalia, kichwa chake mapajani mwa Cucu.

Nesi Mukiri alikuja kuwaona, akaketi kando yao.

"Mpikie ndengu zake, ni chakula kizuri," alimwambia Ruguru. "Lakini chakula husaidia dawa, hakishiki nafasi yake. Na ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo. Aibu ungeisahau. Hali hii hutaisahau."

"Ndiyo, nesi."

Ruguru alimwekea Cucu tembe ulimini, akamshikia kikombe, akasubiri mpaka ameze.