Kaunta Yenye Tumbo na Pengo

Enyi wasomaji watukufu! Leo mtasoma tukio zito lililotikisa ukoo mzima. Naam: seremala mmoja alipungukiwa vigae.

Alikuwa amemtengenezea dada yake, fundi simu, kaunta ya dukani. Ncha moja ilitokeza tumbo la nusu duara. Hapo wateja wangeegemea. Ncha ya pili ilikuwa na pengo la nusu duara, ili kiti cha magurudumu cha dada kiingie barabara. Ilibaki kuifunika kwa vigae vidogo vya buluu. Hesabu ikasema havitoshi, na sokoni vilikwisha kuadimika.

Seremala akashika msumeno shingo upande. "Dada, nusu duara zinakula vigae. Nizikate, ncha zote ziwe bapa."

"Bapa? Na mimi nikae wapi, kaka? Simu za watu nitazifikia kwa fimbo?"

Jirani yao, mwalimu wa hesabu, alikuwa amefuata simu yake. "Hebu weka msumeno chini, fundi. Eneo umelipataje?"

"Mstatili ni sentimita 200 kwa 80. Hizo ni sentimita za mraba 16,000. Nusukipenyo ni 40. Nusu ya 3.14, mara 40, mara 40 tena, ni 2,512. Nusu duara ziko mbili, nimezijumlisha zote. Jumla 21,024. Vigae vinafunika 17,000 tu."

"Kuzidisha umezidisha vizuri. Lakini pale pengoni utabandika vigae juu ya nini? Juu ya hewa?"

Dada akaangua kicheko. Seremala akajikuna kichwa.

"Kinachotokeza, jumlisha," Mwalimu akasema. "Kilichokatwa, toa." Akachukua gazeti, akakata mstatili. Akakata nusu duara kwenye ncha moja, akakihamishia kipande kilekile ncha ya pili. "Umeona? Tumbo limetoka pengoni. Eneo ni 16,000 zilezile."

"Loo! Kumbe vigae vitabaki!"

Gundi ilipokauka, dada akasukuma magurudumu, akaingia pengoni mpaka kifua kikagusa ukingo. Akanyoosha mikono, akazifikia pembe zote mbili za pengo. "Haya, leteni simu," akasema. Seremala akageukia dirisha, eti vumbi limemwingia jichoni.

Hapa ningeweka nukta, lakini seremala mwenyewe amesimama nyuma yangu, anasoma.

"Binti yangu, ile 21,024 niliipata mimi?"

Hapana, Baba. Niliipata mimi, kwa mbwembwe zote za mwanafunzi wa shule ya bweni, nawe ukaniamini.